Shule Huru, Lakini Huru Kutoka kwa Nani?

Dadangu mkubwa alinitumia picha tatu kwenye WhatsApp. Zote zilikuwa matangazo ya shule za kibinafsi, zile za kupeleka mtoto wa gredi ya 7 mpaka ya 9. Kwenye kila moja kulikuwa na watoto wamevaa sweta safi, basi la manjano na kompyuta. Chini akaandika: "Wewe ndiye ulisoma. Nichagulie moja, mtoto anaingia Januari."

Nilicheka peke yangu. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Lakini nilikuwa nasoma historia, na kitu kimoja nilichobaki nacho ni tabia ya kuuliza jambo lilianzaje kabla ya kuuliza litanigharimu ngapi. Kwa hivyo badala ya kumjibu dada siku hiyo, nilirudi nyuma karibu miaka mia moja, kwa wazazi wa kwanza Kenya hii waliochagua shule isiyokuwa ya serikali wala ya misheni. Shule hizo hazikuwepo wachague kutoka kwenye picha. Ilibidi wazijenge.

Wakati huo, mtoto Mwafrika akitaka kusoma alipitia kwa mmishenari. Mmishenari ndiye aliyekuwa na darasa, vitabu na mwalimu, na serikali ya mkoloni ilimpa ruzuku. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza Mwafrika apewe elimu "inayomfaa": kilimo, kazi za mikono, usafi. Wazazi wengi walielewa maana yake vizuri sana. Mtoto wa mzungu anafundishwa kuwa bwana wa ofisi, wako anafundishwa kushika jembe, na jembe hata hakuhitaji kwenda shule kulijua. Walichotaka wao ni hesabu na kusoma, na Kiingereza mapema, kwa sababu ndiyo lugha iliyoandikwa kwenye hati za mashamba yao yaliyokuwa yakichukuliwa.

Manung'uniko yalikuwa mengi, na si Kikuyuni pekee. Kule Nyanza, John Owalo alikuwa ameshaachana na wamishenari mwanzoni mwa karne ya 20 na kuanzisha Nomiya, kanisa lake mwenyewe, akitaka pia shule zisizosimamiwa na wazungu. Lakini moto mkubwa uliwaka Kikuyuni mwaka 1929.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu ukisimuliwa nusu unageuka kuwa hadithi tamu ya mashujaa. Kanisa la Scotland na misheni nyingine ziliwataka walimu na waumini waweke sahihi au kidole gumba kwamba wameikataa tohara ya wasichana. Watu wakakiita kidole hicho kirore. Waliokataa walifukuzwa makanisani, walimu wakapoteza kazi, na watoto wakaondolewa shuleni. Sehemu nyingi madarasa ya misheni yakabaki karibu matupu.

Kwa hivyo wazazi walikuwa sahihi kuhusu nani anapaswa kuwa na sauti juu ya shule, lakini jambo lililowasha moto lilikuwa la kuumiza wasichana. Leo sheria ya mwaka 2011 inalipiga marufuku, na ni vizuri. Sifichi hilo ili shule zao zipendeze. Nalitaja kwa sababu lina funzo kwa mzazi wa leo: shule kuwa "yetu" hakuifanyi iwe salama kwa kila mtoto. Ukiisha kuuliza nani anaimiliki, uliza pia msichana anaishi vipi ndani yake.

Baada ya 1929 wazazi walianza kujenga. Mzee mmoja anatoa kipande cha shamba, vijana wanakata miti, wanawake wanakandika udongo na kuezeka nyasi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 kulikuwa na vyama viwili vikubwa vya kuziunganisha shule hizi. Cha kwanza kilikuwa KISA, yaani Chama cha Shule za Kujitegemea za Wakikuyu, kilichokuwa na nguvu Murang'a na Nyeri. Cha pili kilikuwa Karing'a, kilichotamba zaidi Kiambu. KISA walikubali kufuata silabasi ya serikali na kukaguliwa, ili watoto wao wafanye mitihani inayotambulika. Karing'a walikuwa wagumu zaidi, hawakutaka mkono wa serikali karibu na mlango wao.

Mzazi wa leo anaweza kudhani huo ni ugomvi wa zamani. Lakini ni swali lile lile: shule inaweza kuwa huru kiasi gani kabla uhuru huo haujaanza kumgharimu mtoto? Shule isiyokaguliwa na mtu yeyote ni rahisi kuiita huru. Mtoto anapofika kwenye mtihani ndipo anajua kama uhuru huo ulikuwa wake au wa mwenye shule.

Shida yao kubwa ilikuwa walimu. Wengi hawakuwa na mafunzo, na waliolipwa walilipwa kidogo. Ndiyo maana mwaka 1939 walifungua chuo chao cha ualimu Githunguri. Aliyekiongoza mwanzoni ni Peter Mbiyu Koinange, ambaye alikuwa amesoma Marekani, hadi Chuo Kikuu cha Columbia. Hakukuwa na mfadhili wa ng'ambo. Pesa zilichangwa kwa riika, kila rika likishindana na jingine kutoa zaidi. Wanawake nao, walipoona wasichana hawana mahali pazuri pa kulala, walichanga zao na kujenga bweni. Mwaka 1947 Jomo Kenyatta, aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza mwaka mmoja kabla, akawa mkuu wa chuo hicho.

Halafu ikaja Oktoba 1952. Serikali ilitangaza hali ya hatari, na shule za kujitegemea zikatajwa kuwa viota vya Mau Mau. Githunguri ikafungwa. Shule nyingi zikafungwa, nyingine zikakabidhiwa bodi za serikali na misheni. Uwanja wa Githunguri, uliojengwa kwa senti za wakulima ili kutoa walimu, ukageuzwa mahali pa kunyongea watu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mtoto wakati huo. Alianzia Kamandura, shule ya misheni, kisha akahamia Manguo, shule ya Karing'a. Baadaye aliandika jinsi mambo yalivyobadilika serikali ilipochukua shule hizo: Kiingereza kikawa mfalme, na mtoto aliyepatikana akiongea Kikuyu akaadhibiwa. Kama ulisoma Kenya na uliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili au lugha ya mama, basi jua kibao hicho kina historia. Na jua pia kuna shule za kibinafsi ambazo hadi leo zinakitangaza kama sifa.

Sasa wacha niingize stori yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisimjibu dada haraka.

Mimi nilisoma shule ya kibinafsi ya mtaani, Eastlands. Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Lilikuwa jambo kubwa na zuri. Lakini madarasa yalijaa, na wazazi wenye chochote mfukoni wakaanza kuwahamisha watoto. Kila ploti ikaota akademia. Mathe alikuwa anauza mitumba, lakini kila muhula alitoa karo kutoka kwa chama chake. Alijivunia sweta yangu kuliko nguo yoyote aliyowahi kujinunulia.

Nilipokuwa darasa la saba, muhula wa pili, tulifika asubuhi tukapata kufuli kwenye geti. Hakukuwa na notisi. Mlinzi alisema kodi ya jengo haikuwa imelipwa na mwenye shule hapatikani kwa simu. Wazazi walisimama pale mpaka saa nne, wengine na risiti mkononi. Mathe alikuwa amelipa muhula mzima. Walikubaliana waende kwa kamati ya wazazi, kisha mtu mmoja akauliza, "Kamati gani?" Wakaangaliana. Haikuwahi kuwepo.

Nilihamia shule ya serikali iliyokuwa karibu. Sikuwa na barua ya kuhama wala ripoti za mitihani, kwa sababu zilifungiwa ndani. Nilirudia darasa. Mathe hakurudishiwa hata shilingi.

Miaka mingi baadaye, nikisoma kuhusu Githunguri kwenye maktaba ya chuo, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinaniuma. Mkoloni alipofunga Githunguri, wazazi walijua wameibiwa. Jengo lilikuwa lao, mawe walibeba wao, na walijua ni nani aliyewanyang'anya. Shule yetu ilipofungwa, tuligundua hakuna kilichokuwa chetu tangu mwanzo. Tulikuwa wateja tu, na duka limefungwa.

Hapo ndipo neno lilipobadilika maana. Miaka ya 1930, shule ya kujitegemea ilikuwa huru kutoka kwa mkoloni na mmishenari kwa sababu ilikuwa mikononi mwa wazazi. Baada ya uhuru, shule za Harambee ziliendeleza roho hiyo kidogo: watu wanachanga, wanajenga, kisha wanaiomba serikali iwaletee mwalimu. Lakini nyingi tunazoziita za kibinafsi leo ziko huru kutoka kwa mzazi mwenyewe. Analipa, anaalikwa siku ya sherehe, anapigiwa makofi, anarudi nyumbani.

Sisemi shule zote za kibinafsi ni mbaya. Kuna walimu huko wanaojua jina la kila mtoto, na kuna za serikali ambazo mtoto anaweza kupotea ndani yake mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba sweta na basi havitakwambia lolote. Kwa hivyo jibu nililomtumia dada halikuwa jina la shule. Yalikuwa maswali, na niliyatoa kwa wale wazee wa kirore na akina mama wa bweni.

La kwanza: shule imesajiliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na cheti kiko wapi? Usikubali "kiko njiani."

La pili: ni kituo cha mitihani cha KNEC kwa jina lake yenyewe? Kwa mtaala huu wa CBC, alama za mwisho za gredi ya 9 hazitoki kwa mtihani mmoja. Tathmini ya gredi ya 6 ina asilimia 20, za shuleni gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20, na mtihani wa gredi ya 9 una asilimia 60. Shule ikizembea kutuma alama, mtoto ameshapoteza kabla hajaingia chumba cha mtihani.

La tatu: walimu wana nambari za TSC? Sheria inataka kila mwalimu awe amesajiliwa, hata wa shule ya kibinafsi. Uliza pia ni wangapi walioacha kazi mwaka jana. Githunguri ilijengwa kwa sababu wazazi walijua darasa bila mwalimu aliyefunzwa ni kibanda tu.

La nne: ardhi na jengo ni la nani? Hili si umbea. Septemba 2019 darasa la shule moja ya kibinafsi liliporomoka Dagoretti asubuhi, na watoto wakafa. Tembea ndani, panda ngazi, shika kuta. Tafuta mlango wa pili wa kutokea.

La tano: msichana akipata hedhi katikati ya somo, anaenda wapi? Choo kina maji na kinajifunga? Kiboko kinatumika? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mtoto. Mwalimu mkuu akicheka ukimuuliza hilo, umepata jibu.

La sita, na ndilo kubwa: wazazi wana chama chenye sauti? Si kundi la WhatsApp la kutangaza karo. Omba nambari ya mzazi mmoja ambaye hukuchaguliwa na ofisi, umpigie.

Dada alienda na maswali hayo kwenye shule zote tatu. Ya kwanza walimkaribisha chai na hawakujibu hata moja. Ya pili cheti kilikuwepo, lakini maabara iliyokuwa kwenye picha haikuwepo. Ya tatu ndiyo yenye tangazo baya kuliko zote, picha imefifia. Mwalimu mkuu alimwonyesha makaratasi, kisha akamwambia wazazi wanakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi na wiki iliyopita walimgombeza yeye mwenyewe kuhusu uji.

"Walimgombeza mbele ya watu?" nilimuuliza dada.

"Mbele ya watu. Na uji ukabadilishwa."

Amempeleka huko. Mathe, ambaye bado ana ile risiti ya muhula wa pili kwenye sanduku lake, ameshauliza mkutano unaanza saa ngapi.