Mapanki, Ndugu wa Baga

Sangara anayevuliwa katika Ziwa Victoria huko Nkome, mkoani Geita, ni samaki mmoja mwenye walaji wawili. Minofu yake hupitia viwandani na sehemu kubwa huuzwa Ulaya. Kichwa na mfupa wenye masalia ya nyama hubaki Kanda ya Ziwa, hukaushwa au hukaangwa, navyo ndivyo mapanki. Wengi huyataja kwa dharau, kama makombo. Lakini historia ya baga inaonyesha kuwa chakula hakidharauliki kwa asili yake, bali kwa namna kinavyoandaliwa.

Baga, yenye jina la mji wa Hamburg, Ujerumani, ilipata umaarufu Marekani kama njia ya kulainisha nyama ngumu na kutumia vipande visivyofaa kuuzwa vizima. Tatizo ni kwamba kinu cha kusagia kilificha mengi. Mwaka 1906 riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle, ilianika uchafu wa machinjio ya Chicago, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Shaka haikuisha. Mwaka 1921 White Castle ilifungua mgahawa mjini Wichita, kuta nyeupe, nyama ikikaangwa mbele ya mteja. Nyama ilibaki ya kusaga. Kilichobadilika ni kuwa mlaji aliona jiko.

Minofu ya sangara imepita njia hiyohiyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba walivuliwa kwa sumu. Jibu likawa maabara, ukaguzi na kuboresha mialo. Mapanki hayakupata jibu kama hilo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ilipoyaonyesha yakianikwa katika uchafu, na Rais Kikwete wa Tanzania akaikosoa hadharani mwaka 2006, ubishi ulihusu zaidi jina la nchi kuliko vichanja na mafuta ya kukaangia.

Atatokea wa kusema usafi utapandisha bei, na maskini atakosa hata hicho kidogo. Hoja ni nzito, ila White Castle iliuza baga yake senti 5 tu, kwa kuwa ilipika kitu kimoja, kwa utaratibu mmoja, kwa wateja wengi. Mwingine atasema mfupa ni mfupa, hauwezi kuwa mnofu. Ni kweli, na hakuna anayedai uwe mnofu. Kinachodaiwa ni kichanja kilichoinuliwa juu ya vumbi na mafuta yanayobadilishwa kwa wakati. Mnofu ulipata barafu na mkaguzi kwa sababu mlaji wake wa mbali angeweza kuukataa. Mlaji wa mapanki yuko karibu, ana njaa, hana pa kukatalia. Kwa hiyo mkaguzi hajamfikia.