Bassel Khartabil: Fundi wa tovuti wa Syria aliyechangia Wikipedia

Ukifungua Wikipedia kwenye simu yako, iwe ya Kiswahili au ya Kiingereza, unasoma maandishi ya watu waliojitolea bila malipo. Wengi wao hatuwajui hata kwa majina. Bassel Khartabil wa Syria anajulikana, lakini si kwa sababu ya kufurahisha.

Alizaliwa mwaka 1981 mjini Damascus, katika familia yenye asili ya Palestina. Alijipatia riziki kwa kutengeneza programu za kompyuta na tovuti. Muda uliobaki aliutoa bure kwa Wikipedia na kwa Firefox, programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Nchini mwake aliongoza pia kazi za Creative Commons, shirika lenye leseni zinazomwezesha mpiga picha au mwandishi kuruhusu wengine watumie kazi yake bila kumlipa, ila wamtaje jina.

Kuanzia mwaka 2005 alishughulikia jambo jingine: kuujenga upya kwenye kompyuta mji wa kale wa Palmyra, ambao Waarabu huuita Tadmur. Alitaka mtu aweze kuyatazama mahekalu yake kutoka pande zote kama yalivyokuwa zamani. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mawe yenyewe yangelipuliwa.

Tarehe 15 Machi 2012, mwaka mmodi baada ya maandamano dhidi ya serikali kuanza, Khartabil alikamatwa mjini Damascus. Januari 2013, akiwa bado kifungoni, alifunga ndoa na Noura Ghazi, mwanasheria wa haki za binadamu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mwaka 2015 kuwa kifungo hicho hakikuwa na msingi wa kisheria. Hakuachiwa.

Agosti 2015 kundi linalojiita Dola la Kiislamu lililipua Hekalu la Bel huko Palmyra. Oktoba mwaka huohuo Khartabil alitolewa katika gereza la Adra na kupelekwa kusikojulikana. Mwezi huohuo marafiki zake waliiweka mtandaoni ile kazi yake ya Palmyra, bure kwa yeyote anayetaka.

Mkewe alisubiri habari karibu miaka miwili. Tarehe 1 Agosti 2017 alitangaza kuwa amethibitishiwa: mumewe aliuawa muda mfupi tu baada ya kuhamishwa.