Bia, Barabara na Kifungo Kifupi: Somo kutoka Rumonge

Neno letu la leo ni kifungo. Asili yake ni kitenzi kufunga: tunafunga mlango, tunafunga mzigo, na serikali humfunga mtu. Aliyehukumiwa kifungo huitwa mfungwa; anayezuiliwa huku akisubiri kesi yake huitwa mahabusu. Kwa msaada wa maneno haya, tulitazame swali moja la uraia: mtu akiendesha gari akiwa amelewa, kisha akafungwa miezi michache, ni nani anayefaidika na kifungo hicho?

Tuanzie Rumonge, mji wa Burundi ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi. Biashara ya ziwani iliuunganisha ufuo huu na Ujiji na Uvira, ndiyo maana Kiswahili kimezungumzwa hapo kwa vizazi vingi.

Kabla ya ukoloni, kifungo cha gerezani hakikuwa adhabu ya kawaida nchini Burundi. Migogoro mingi iliamuliwa na abashingantahe, yaani wazee waliotawazwa hadharani kwa sababu ya uadilifu wao. Ishara ya mamlaka yao ilikuwa fimbo iitwayo intahe. Wazee walisikiliza pande zote mbili, wakashauriana, kisha wakamtaka aliyekosa amlipe fidia aliyekosewa. Hatimaye uliletwa mtungi wa pombe ya ndizi au ya mtama, na waliogombana wakanywa pamoja mbele ya mashahidi. Pombe waliyopewa wazee kwa kazi yao iliitwa agatutu k'abagabo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, kwani baraza lilikuwa la wanaume. Hata hivyo, pombe ndiyo iliyofunga shauri.

Wajerumani, na baada yao Wabelgiji walioingia mwaka 1916, walileta sheria ya namna nyingine. Kanuni ya adhabu ya Kongo ya Kibelgiji ya mwaka 1940 ilitumika pia Ruanda-Urundi, na adhabu zake kuu zilikuwa kifungo chenye kazi pamoja na faini. Faini iliingia hazina ya serikali, na kazi ya mfungwa ilikuwa mali ya serikali. Fidia ya aliyeumizwa ikawa jambo la pili.

Wakati huohuo magari yaliongezeka, na mwaka 1955 kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa. Barabara ya kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac hupita kati ya milima na maji. Magari, baiskeli zenye mizigo na watoto wanaokwenda shuleni huitumia kwa pamoja. Mzee aliyelewa zamani alirudi nyumbani kwa miguu, na akianguka aliumia yeye mwenyewe. Dereva aliyelewa huwaangukia wengine. Basi, pombe iliyokuwa ikimaliza kesi sasa inaianzisha.

Je, kifungo kifupi kinatosha? Wanaokitetea wana hoja nzito. Faini haimwumizi tajiri, bali gerezani tajiri na maskini hulala chini ya paa moja. Tena hofu ya kufungwa huweza kumfanya mtu aache funguo za gari nyumbani.

Lakini tuyatazame magereza yenyewe. Gereza la Gitega lilijengwa mwaka 1926 kwa ajili ya watu 400. Lilipoungua tarehe 7 Desemba 2021, lilikuwa na zaidi ya watu 1,500, na serikali ilitangaza siku hiyo kwamba 38 walikuwa wamefariki. Mwaka huohuo, kabla ya moto huo, Rais Évariste Ndayishimiye alikuwa ametoa msamaha kwa wafungwa 5,255 ili kupunguza msongamano. Miezi mitatu katika mahali pa namna hiyo inatosha kumpotezea mtu kazi, lakini haitoshi kumtibu uraibu wa pombe. Na mama wa mtoto aliyegongwa hapati chochote kutokana na siku hizo.

Kwa sababu kama hizi, Azimio la Kampala la mwaka 1996 kuhusu hali ya magereza barani Afrika lilihimiza adhabu mbadala. Kenya ilitunga sheria ya huduma kwa jamii mwaka 1998, Uganda mwaka 2000 na Tanzania mwaka 2002. Burundi nayo iliingiza kazi ya manufaa ya umma katika kanuni yake ya adhabu ya mwaka 2009, ileile iliyofuta adhabu ya kifo.

Sisemi kwamba dereva mlevi aonewe huruma. Aliyeua ana deni kubwa, na leseni si haki ya kuzaliwa nayo. Nasema tu kwamba wazee wa intahe waliuliza kwanza: nani ameumizwa, na atatengenezewaje? Swali hilo linafaa kuulizwa katika mahakama zetu pia, kabla ya kuhesabu miezi.

Kwa mjadala wa darasani: kama ungekuwa hakimu wa Rumonge, na mbele yako yupo dereva aliyelewa akamvunja mguu mwendesha baiskeli, ungetoa hukumu gani? Andika aya mbili, ukitumia maneno kifungo, faini, fidia na mahabusu.