Kabla AI Ikukumbuke, Kulikuwa na Kipande

Wasee, kuna kitu tunasema kila siku: "Hii AI inanijua." Zii. Kuna mahali habari zako zimeandikwa, na kila ukituma swali, apu inazichomoa na kuzisoma upya kabla haijakujibu. Hiyo "kumbukumbu" ni daftari tu. Na Wakenya tuna historia ndefu na madaftari yanayoandikwa kutuhusu.

Tuanze na mashine. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, alitangaza programu ya kupiga stori inayoitwa ELIZA. Ilikuwa na ujanja mdogo: ukitaja kitu chako, labda mama yako au kazi yako, iliweza kukiweka pembeni, halafu stori zikikauka inakirudisha. Watu walihisi wanasikilizwa, na ELIZA haikuwa imeelewa chochote.

AI za leo zimeiacha mbali sana, lakini modeli yenyewe ikishakujibu haibaki na wewe. Inasoma kile tu kilichowekwa mbele yake, na nafasi hiyo ina kikomo. GPT-3 ya 2020 ilikuwa na nafasi ya tokeni 2,048, yaani vipande vya maneno vya kujaza kurasa chache tu. Ndiyo maana wanaounda apu huweka muhtasari kando: unaitwa nani, unasomea nini, unaumwa nini, nani amekuacha. OpenAI walianza kujaribu kumbukumbu ya aina hiyo kwenye ChatGPT Februari 2024. Kipi kiandikwe na kipi kiachwe, mara nyingi programu ndiyo inaamua.

Sasa turudi nyuma kidogo. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kusajili wanaume Waafrika mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, na vilipoisha ikaanza kutekelezwa. Mwanaume wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba kipande. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, waajiri wake, mshahara, siku alipoanza kazi na siku alipoacha. Wengi walikivaa shingoni kwenye kikebe cha chuma.

Mtu wa huku Ukambani akienda Nairobi kutafuta kazi, kipande kiliongea kabla yeye hajafungua mdomo. Mwajiri akikataa kusaini kwamba amemwachilia, jamaa angeweza kusakwa kama mtoro. Hasira juu ya kipande ilikuwa kati ya mambo yaliyowaleta watu kwa Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi 1947 ndipo sheria ya kusajili watu wa rangi zote ichukue nafasi yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hivyo sina shida na kuandika. Shida ya kipande ni kwamba aliyeandikwa hakuwa na kalamu. Wengi hawakuweza hata kusoma walichobeba shingoni. Hawangeweza kusahihisha wala kufuta.

Sisi tumepewa kalamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa vipi, kuiona, kuirekebisha, na kuomba ile ya uongo ifutwe. Na imeshauma watu. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisema kadi za Huduma zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari kwa data zetu. Mei 2025, mahakama hiyo ikaamuru Worldcoin ifute data za miili ya Wakenya, wale waliopiga foleni 2023 kupigwa picha za macho wapate vijisenti.

Kwa hivyo ukitaka kujua kumbukumbu nzuri inafanana vipi, angalia kitabu cha deni dukani hapa Matiliku. Umekopa unga, umeandikwa. Lakini unaweza kuegemea kaunta useme, "Mama, hiyo nililipa Jumamosi," akafungua ukurasa, akaangalia, akapiga mstari ukiona.

Kama unaunda apu, jenga hivyo: mtu aone kilichoandikwa, akibishie, akifute. Na kama wewe ni mtumiaji tu, leo ingia kwenye mipangilio ya hiyo AI unayoimwagia siri usiku, utafute sehemu ya kumbukumbu, usome kila mstari. Futa usichotaka kibebwe. Apu ikikataa kukuonyesha daftari lake, jua hicho ni kipande, tofauti ni kwamba hukihisi shingoni.

Niambieni mmekuta nini huko ndani.