Linda Buck: Njia ya Mzunguko Iliyofika Puani

Karafuu zikianikwa, pua huzitambua kabla ya macho. Hata hivyo, hadi mwaka 1991 hakuna aliyekuwa ameonyesha ni kitu gani hasa ndani ya pua kinachoipokea harufu. Aliyelifumbua fumbo hilo, akiwa na Richard Axel wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ni Linda Buck, Mmarekani aliyezaliwa Seattle mwaka 1947. Wengi huianza historia yake kwenye Tuzo ya Nobel waliyoipata pamoja mwaka 2004, kana kwamba njia ilinyooka hadi hapo. Haikunyooka. Shahada ya kwanza, ya saikolojia na mikrobiolojia, aliipata mwaka 1975 akiwa na miaka 28. Mwaka 1980 alihitimu uzamivu mjini Dallas katika elimu ya kinga ya mwili, kisha huko Columbia akachunguza seli za neva za konokono wa baharini. Naamini mzunguko huo haukumchelewesha. Ndio uliompa jicho la kuona alichokuja kukiona.

Mwaka 1985 Buck alisoma makala ya kundi la mtafiti Sol Snyder kuhusu namna harufu inavyoweza kutambuliwa, na swali hilo halikumtoka tena. Je, pua ina aina chache za vipokezi zinazogawana kazi, kama jicho linavyotambua rangi kwa aina tatu tu, au ina nyingi mno? Aliyesomea kinga ya mwili amekwisha kuzoea wazo la ukoo mkubwa wa protini zinazofanana kwa umbo na kutofautiana kwa undani, kwani kingamwili ziko hivyo. Alipoanza msako mwaka 1988, alijiwekea masharti matatu: vipokezi hivyo viwe jamaa ya vile vinavyofanya kazi na protini za G, zinazopitisha ishara ndani ya seli, viwe ukoo wa jeni nyingi, na vipatikane kwenye utando wa pua tu.

Masharti hayo yaliongoza hata mkono wake maabara. Kwa mbinu ya PCR alizalisha nakala za vipande vya jeni kutoka pua ya panya, kisha akavikata kwa vimeng'enya. Kitambaa kimoja ukikikata vipande, urefu wake ukijumlishwa hurudi ule ule wa mwanzo. Katika sampuli moja, jumla ilizidi urefu wa mwanzo mara kadhaa. Maana yake ni kwamba kilichoonekana kipande kimoja kilikuwa jeni nyingi zilizolingana urefu. Buck na Axel walieleza jeni 18 katika jarida la Cell, Aprili 1991. Leo inajulikana kwamba panya wana takriban 1,000 za aina hiyo, na binadamu karibu 400 zinazofanya kazi.

Yupo atakayesema kwamba sifa ni ya PCR. Lakini mbinu hiyo ilikuwa imeshaenea katika maabara nyingi. Asiyetarajia ukoo wa jeni asingekuwa na sababu ya kujumlisha urefu wa vipande. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wapo wengi waliohama fani wasipate kitu, nasi tunamsifu aliyefanikiwa tu. Ni kweli kwamba kuhama peke yake hakuzai matunda. Huzaa kwa anayehama na mzigo wake. Na kwa Buck matunda hayakuishia hapo. Mwaka 1999, akiwa Harvard, Buck na wenzake walionyesha kwamba kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa, kama herufi chache ziundavyo maneno mengi. Ndiyo maana oktanoli hunukia kama chungwa na waridi, ilhali asidi ya oktanoiki, inayofanana nayo sana kwa umbo, hunuka jasho. Mwaka uliofuata maabara yake ilikuwa miongoni mwa zilizotambua vipokezi vya uchungu ulimini.

Wengine watataja doa. Mwaka 2008 Buck na wenzake waliifuta rasmi makala yao ya mwaka 2001, na mwaka 2010 zikafutwa nyingine mbili, kwa kuwa matokeo yake hayakuweza kurudiwa. Makala hizo zilihusu ramani ya harufu ndani ya ubongo. Ugunduzi wa 1991 haukuguswa, na umethibitishwa na maabara nyingi. Kufuta ni aibu, lakini kuacha kosa liendelee kufundisha wengine ni aibu kubwa zaidi. Anayemhesabia mwanafunzi miaka aliyotumia kutoka fani hadi fani kuwa hasara, aikumbuke ile sampuli ya panya: kilichoonekana kimoja kilikuwa vingi, na alikijua aliyejifunza kwingineko kuutarajia wingi huo, kisha akapima.