SOTOKA: UGONJWA ULIOTOKA ZIZINI UKAFIKA MBUGANI

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao pengine wewe hujapata kuuona kwa macho, lakini uliwafilisi babu zako na kubadilisha hata sura ya nchi unayoiona ukisimama mlangoni kwako. Ugonjwa huo ni sotoka ya ng'ombe. Tutaufuata katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, maana huko habari zake zina funzo kubwa.

Kwanza tuikumbuke nchi yenyewe. Tarime iko kaskazini mwa mto Mara, inapakana na Kenya, na huko juu milimani ardhi ni nzuri. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, iko kusini mwa mto, nayo inapakana na hifadhi ya taifa. Wakurya, Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waisenye wamelima huko wimbi na mtama tangu zamani, huku wakifuga. Na ng'ombe kwao hakuwa nyama tu. Ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto. Alikuwa mahari ya kijana. Mwaka wa ukame ng'ombe aliuzwa, ikapatikana nafaka. Kwa hiyo basi, aliyepoteza zizi alipoteza mengi kwa siku moja.

Sasa sotoka ilitoka wapi? Mwaka 1887 ugonjwa huu uliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Kutoka hapo ulishuka kusini kama moto wa kiangazi. Ilipofika miaka ya 1890 na 1891 ulikuwa umeingia nchi zetu za Afrika Mashariki. Ng'ombe alishikwa na homa, akatoka machozi, akapata vidonda mdomoni, akaharisha vibaya, na kwa siku chache akafa. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi, kwa kila ng'ombe kumi walikufa kama tisa. Nyati na nyumbu nao wakafa huko porini.

Mwaka 1892 Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro na Serengeti akielekea Ziwa Viktoria. Aliwakuta Wamasai wengi wamebaki mifupa kwa njaa, maana wao walitegemea zaidi ng'ombe. Wakulima wa upande wa magharibi walikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu wimbi likikauka vizuri hukaa ghalani miaka kadhaa bila kuharibika. Lakini miaka ile ilikuwa pia na ukame na ndui. Ghala nazo zikaisha. Ndipo watu wakafunga safari kwa miguu mpaka Usukuma, wakibeba nyama kavu na ngozi za kubadilishana na nafaka. Wengine hawakurudi.

Na mambo hayakuishia hapo. Palipokosa ng'ombe wa kula majani na watu wa kufyeka na kuchoma, vichaka viliota. Penye vichaka mbung'o akapata makazi, akaleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Ndugu mkulima, hebu angalia hapo: ugonjwa wa ng'ombe umezaa njaa, njaa imehamisha watu, na mashamba yaliyoachwa yamezaa ugonjwa mwingine.

Makundi ya ng'ombe yaliongezeka tena polepole, lakini sotoka haikuondoka. Ilirudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Na hapa ndipo palipotokea kosa kubwa la mawazo. Watu wengi, wataalamu wakiwamo, waliamini kwamba nyumbu ndiye anayeuhifadhi ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe. Mbuga ilionekana ndiyo ghala la maradhi.

Ukweli ulijulikana kwa njia ya chanjo. Ng'ombe wa wafugaji walioizunguka Serengeti walichanjwa kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960. Huko Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyo salama, ambayo ng'ombe akichanjwa mara moja humkinga maisha yake yote. Basi wafugaji wakaswaga ng'ombe wao, mabwana mifugo wakachanja, mmoja baada ya mwingine.

Je, matokeo yalikuwa nini? Ilipofika mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Nao nyumbu hawakuwa wamechanjwa hata mmoja! Kumbe ugonjwa ulikuwa unatoka zizini kwenda mbugani, wala si mbugani kuja zizini. Ulipozibwa zizini, porini haukuwa na mahali pa kushika.

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa kama robo milioni. Mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na robo. Majani yakaliwa, mioto ya kiangazi ikapungua, miti ikaanza kuota tena. Wageni wanaokuja kutoka nchi za mbali kutazama nyumbu wakivuka mto Mara wanatazama, bila kujua, kazi iliyofanywa na mfugaji na bwana mifugo. Ni kweli kwamba wingi huo una mzigo wake kwa vijiji vya mpakani, ambako nyumbu hugombania majani na ng'ombe. Hilo nalo tusilifiche.

Sotoka ilijaribu kurudi kaskazini mwa Tanzania mwaka 1982, na tena mwaka 1997, ikazuiwa kwa chanjo. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa haina tena sotoka ya ng'ombe. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa duniani.

Je, tulale? Hapana! Iko sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa ukoo huohuo, ambao ulithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008. Mwaka 2017 huko Mongolia ugonjwa huo ulitoka kwa mifugo ukaua maelfu ya swala wa porini. Mashirika ya dunia yamepanga kuufuta ifikapo mwaka 2030. Kupanga ni kwao, lakini kutimiza ni kwako wewe mwenye zizi.

Basi, ndugu mkulima, yashike haya matatu. Siku ya chanjo ikitangazwa, toa mbuzi na kondoo wako wote. Usifiche hata mmoja. Ukiona mnyama anatoa machozi na makamasi, ana vidonda mdomoni na anaharisha, mtenge, kisha umwite bwana mifugo siku ileile. Na usinunue mnyama asiye na kibali. Mnyama wa wizi aliyevushwa mpaka usiku hajapimwa na mtu, na huenda akaja na maradhi yatakayomaliza zizi lako na la jirani yako.

Babu zetu walitembea mpaka Usukuma kwa sababu kinga haikuwapo. Sisi tunayo. Kinga ni bora kuliko tiba. Kazi njema, na mpaka kipindi kijacho.