Kukariri

Kukariri, katika mawasiliano ya anga, ni rubani kuyarudia kwa sauti maagizo ya mwongoza ndege, ili yaliyosikiwa vibaya yasahihishwe papo hapo. "Nimepokea" pekee haitoshi, kwani haionyeshi kilichopokewa ni nini. Tarakimu ndizo hatari zaidi. Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ikikaribia Nairobi iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani wakasikia 5,000, ilhali uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliinuliwa tena ikiwa imebakiza takriban futi 70 tu kugusa ardhi. Kosa hilo lingetokea Manda, kisiwa chenye uwanja wautumiao wasafiri wa Lamu nzima, lisingeigongesha ndege ardhini: kisiwa hicho kiko karibu sawa na bahari.

Wengi hulichukulia neno hili kuwa ni kuhifadhi kwa ajili ya mtihani. Maana ya marubani iko karibu zaidi na ya chuoni, ambako mtoto hukariri aya mbele ya mwalimu anayemrekebisha. Kwa hiyo mwongoza ndege anayeiachia tarakimu mbovu ipite ana kosa sawa na la rubani.